Jiwe Nililochukua kwa Mkono Wangu

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mimi ni Baba Chebet wa hapa Litein, na hakuna kitu cha dunia hii kingeweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la tano. Lakini nilinunua majani chai gunia kwa gunia mpaka nikapata lori mbili na ploti Roret. Nani angenidanganya mimi? Nimeona wakulima wakimwagia majani maji yawe mazito. Nimeona majani laini juu, chini ni vijiti.

Basi akaja ndugu mmoja kwa ushirika wetu wa kanisa, suti safi, maombi marefu. Alikuwa anauza hisa za kampuni changa ya kuchimba dhahabu huko Transmara. Alikuwa na jiwe, na karatasi ya maabara yenye muhuri: tani moja ya mawe kama hilo inatoa gramu thelathini za dhahabu. Nilimshuku papo hapo. Nikachunguza ule muhuri mpaka macho yakauma. Nikapigia maabara simu, wakasema karatasi ni yao kweli. Hapo nikatulia, nikatafuta mtu wa kununua ploti ili nichukue hisa.

Mke wangu alikuwa anakamua ng'ombe. Nilipomwambia, hata hakugeuka.

"Baba Chebet, wewe hununui gunia bila kuingiza mkono mpaka chini. Hilo jiwe nani alilichagua?"

Ndugu zangu, najua ni Mungu alisema, kwa sababu huyu mama hajawahi kuingilia biashara yangu.

Nikamwambia yule ndugu nitachagua mawe mwenyewe. Akasema hiyo ni kazi ya wataalamu, tena imani yangu ni haba. Mtu akinihubiria imani wakati nauliza habari ya mali, mimi nashika mfuko. Nikaenda Transmara bila yeye. Nikachukua mawe pande tatu za shimo la kampuni, chini kabisa, nikashona mdomo wa mfuko mwenyewe, nikaupeleka maabara ile ile. Dhahabu ya maana haikuwako.

Maabara haikudanganya. Ilipima jiwe ililoletewa. Na yule ndugu hatujamwona Jumapili tena.

Namshukuru Mungu aliyeokoa ploti ya watoto wangu. Mwamini yeye, ndugu yangu, atakufungua macho kama mimi. Lakini karatasi ya mtu, hata akiomba kwa machozi, ishuku. Petroli, chakula na malipo ya maabara, kukombolewa kwangu kulinigharimu shilingi elfu saba mia mbili na hamsini.