Gitaa la Baba wa Bibi Harusi

YAHUSU: UNUNUZI WA GITAA MOJA (1), LISILOTUMIA UMEME, KWA MATUMIZI YA MWANACHAMA ASIYEJUA KULIPIGA.

Hivyo ndivyo Karani alivyoandika juu ya ukurasa mpya wa daftari lake, akapiga mstari chini yake kwa rula. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi masjala, akipokea mafaili na kuyapeleka mahali ambapo hayakuonekana tena, na tangu astaafu hajaona sababu ya kupumzika. Siku hizi hushinda kijiweni, na kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu wanayemwita Soli. Mwisho mmoja wa ubao hukaa Msumeno, seremala wa milango na majeneza, yaani mtu wa kuingia na kutoka. Mwisho wa pili, birika likiwa juu ya jiko la mkaa, hukaa Breki, aliyeendesha malori miaka ishirini na sasa anauza kahawa kwa sababu, asemavyo mwenyewe, kahawa haipasuki tairi. Asubuhi hiyo palikuwa na wageni wawili, wameegemezwa ukutani kama washitakiwa: gitaa kubwa jeusi, linalong'aa hata ukijitazama unajiona umenenepa, na gitaa dogo la rangi ya mbao, lisilo na pambo lolote.

Magitaa hayo yalitoka duka la ng'ambo ya barabara. Muuzaji alikuwa amekataa katakata kuyatoa, mpaka Karani alipomwandikia Hati ya Kuazima Magitaa Mawili kwa Muda wa Saa Mbili, nakala tatu, ikagongwa dole gumba la Soli lililopakwa dawa ya viatu kwa kukosa wino wa muhuri. Muuzaji hakuwahi kuona karatasi ya namna hiyo. Akaogopa kuikataa.

Soli hakuwa na raha. Jumapili iliyopita wakwe walikuja nyumbani kwake kupanga mambo ya harusi ya binti yake. Baba wa bwana harusi, mstaafu wa bendi ya polisi, mtu wa kifua kipana na sauti ya kupanga watu mistari, alitangaza kwamba siku ya harusi atampigia mwanawe tarumbeta, wimbo mzima, bila kupumzika. Kisha akamgeukia Soli na kumuuliza, kwa ule upole wa mtu anayelijua jibu, upande wa bibi harusi wao wataleta nini. Soli akausikia mdomo wake ukisema kwamba yeye ni mpiga gitaa wa siku nyingi. Mkwe akafurahi, akaomba waonjeshwe kidogo. Mdomo ule ule, ambao sasa ulikuwa umeshakolea, ukasema gitaa liko kwa fundi.

Binti alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe. Alimtazama baba yake, mtu ambaye maisha yake yote hajapiga kitu ila msumari. Kisha akamwongezea mkwe chai. Hilo ndilo lililomnyima Soli usingizi. Uongo wenyewe angeweza kuubeba; mwanawe kuubeba naye, pamoja na sinia, ndiko kulikomshinda.

Zilibaki wiki kumi.

Msumeno ndiye aliyefungua kikao, kwa hoja kwamba gitaa ni mbao na mbao ni yeye. Aliyagonga magitaa yote mawili kwa kiungo cha kidole, tumboni na mgongoni, sikio ameliinamisha, namna anavyogonga mlango kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba. Akatoa taarifa kwamba dogo lina uso wa ubao mzima, ilhali jeusi ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi, na rangi ndiyo inayovishikisha adabu. Wote wakadhani anapendekeza dogo. Hapana, akasema, anapendekeza jeusi, kwa sababu ya kina chake.

— Sanduku lenye kina hutoa sauti nene. Mimi nimegongelea majeneza ya kila kimo, najua.

— Na wenyewe walisemaje? akauliza Breki.

— Hakuna aliyerudi kulalamika.

Breki hakuridhika na hoja za kaburini. Yeye aliliinua kila gitaa usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akaitazama shingo yake kutoka mwisho hadi mwisho kama anayekagua fremu ya lori lililopinduka. Zote mbili zilikuwa zimenyooka. Kwa hiyo, akaeleza, swali lililobaki ni la injini. Tarumbeta ni mlima. Huwezi kupanda mlima na kigari cha kubebea mkate. Halafu kuna suala la heshima: mkwe akiliona hilo dogo atadhani Soli amemletea mtoto wa gitaa, mama yake amemwacha dukani. Akamalizia kwa wahenga, kama kawaida yake, na kama kawaida yake wahenga hawakuhusika.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo dogo limetembea kutoka dukani mpaka hapa.

— Na hilo jeusi lilikuja na teksi? akauliza Soli.

— Jeusi lilibebwa. Usiwafundishe wahenga kazi.

Karani alisubiri zamu yake, akasafisha miwani, akakumbusha kwamba muuzaji amesema jeusi lina nyuzi za chuma na dogo lina nyuzi za nailoni, laini, zinazowafaa wanaoanza, maana chuma huwaumiza vidole wiki za mwanzo. Maneno hayo, kwa maoni yake, hayakuwa na uzito kwa sababu hayakutolewa kwa maandishi. Isitoshe, uzi wa nailoni ni uzi wa kukaimu: unafanya kazi yote bila cheo. Mtu hawezi kumpelekea mstaafu wa polisi kaimu uzi. Akaongeza hesabu ambayo inaelekea alikuwa ameitayarisha nyumbani, kwamba tarumbeta lina vitufe vitatu na gitaa lina nyuzi sita, na katika kikao chochote halali sita huwashinda watatu.

Baada ya hapo mambo yakapanda. Msumeno akajitolea kutengeneza kijukwaa chenye uvungu, Soli akae juu yake, sauti iingie chini na kutoka imekua. Breki akataka ijulikane mapema upepo siku hiyo utavuma kutoka wapi, ili gitaa likae upande wa juu na tarumbeta upande wa chini, noti za polisi zirudi zilikotoka. Akasema pia kwamba ana honi ya lori ameihifadhi chini ya kitanda, ikihitajika. Karani aliyaandika yote, hata la honi, chini ya Mengineyo.

Soli alisikiliza huku akishona. Kila mara jicho lilimponyoka likaenda kwenye jeusi. Alijiona mle ndani ya mng'ao wake, mpana, amesimama mbele ya wakwe, na lazima tuseme ukweli, alijipenda. Lakini hakuligusa, wala lile lingine. Mtu asiyejua kuogelea haingii majini mbele za watu, na Soli alikuwa ameshona viatu vya nusu ya mtaa; hakutaka nusu hiyo imwone akikamata kitu asichojua kinakamatwa wapi.

Kura zikapigwa. Watatu wakachagua jeusi, na mwanachama husika akahesabiwa kuwa amekubali kwa kukaa kimya. Karani alikuwa anatafuta rula apige mstari wa mwisho, ndipo mteja mmoja aliyekuwa akingoja kiatu chake akasema.

Alikuwa muuguzi, bado na sare ya kazini, amekaa kwenye kigoda na mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi, akisubiri kisigino chake. Hakuwa mtu wa kijiwe kile. Ila kwa kuwa kiatu kilikuwa mikononi mwa fundi na hakuna anayeondoka na kimoja, kikao chote alikuwa amekisikia kwa lazima.

— Samahani, wazee wangu. Kwani fundi atapiga wimbo gani?

Msumeno akamtazama Karani. Karani akafunua kurasa nyuma, moja, mbili, tatu, kana kwamba jambo hilo lilijadiliwa kikao kilichopita na likapitiwa tu. Breki akanyanyua birika ili awape watu kitu cha kufanya, akainamisha, halikutoka hata tone. Akaendelea kuliinamisha.

— Wimbo wa harusi, akasema Msumeno hatimaye.

— Upi?

Soli alijiinamia kwenye kisigino cha kiatu cha yule muuguzi, akapanga misumari midogo mdomoni, akaanza kugonga. Alikuwa ameazima magitaa mawili, amemsumbua mtu wa duka, amemfanya mwanawe ashiriki uongo, na hakuwa na hata jina la wimbo.

— Na huo? akasema muuguzi baada ya kitambo.

— Upi, dada?

— Huo unaouimba.

Soli akatoa misumari mdomoni. Hakujua kwamba anaimba. Akaufikiria kidogo, akaukuta bado umo kooni, na akaujua. Ulikuwa wimbo usio na maneno wala mwenyewe. Binti yake alipokuwa mchanga, mama yake yuko kazini, alikuwa akilala mle kibandani ndani ya boksi la viatu vya kike, chini ya meza, na Soli aligundua kwamba akiimba vile kwa kufumba mdomo, kwa mwendo wa nyundo, mtoto hashtuki nyundo inapogonga. Mtoto akakua, akaacha boksi, akaenda shule, akapata mchumba. Soli hakukumbuka kuacha.

Aliwaeleza hivyo hivyo, kwa sentensi mbili tatu, bila kuwatazama.

— Miaka yote hiyo, akasema Msumeno, sisi tulidhani unaumwa jino.

Soli akaweka kiatu chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akalichukua jeusi, akalipakata. Akatafuta mahali pa kuanzia wimbo wake, akabonyeza uzi kwa kidole cha kushoto, akaupiga kwa dole gumba la kulia. Ukatoka mkwaruzo, kama kiti kinachoburuzwa sakafuni. Akarudia, ukatoka ule ule. Maumivu aliyoyataja muuzaji hayakuwapo. Ngozi iliyovuta uzi wa nta miaka thelathini haiumizwi na chuma chembamba kiasi kile. Tatizo lilikuwa unene. Kidole cha Soli, kikitua kwenye ile shingo nyembamba, kilikalia nyuzi mbili kwa mpigo, kama mtu mnene aliyelipia kiti kimoja.

Akalirudisha ukutani. Alifanya hivyo taratibu, na alilitazama mara moja zaidi.

Lile dogo lilikuwa na shingo pana. Nyuzi zake zilikuwa zimeachiana nafasi, na kidole kile kile kilishuka katikati yake kikakuta uzi mmoja, kikaukamata. Akapiga. Ikatoka sauti moja, safi, ya duara. Ikatulia hewani kidogo kisha ikaisha yenyewe.

Akatafuta ya pili. Ilichukua muda, alipita kwa jirani zake wote kabla ya kuipata. Ya tatu ilikuwa karibu zaidi. Akazipanga zote tatu, moja baada ya nyingine, na hata muuguzi aliyeusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza asubuhi ile alijua ni wenyewe.

— Rudia, akasema Breki. Hakuongeza methali.

Soli akarudia. Kisha akasema anachukua hilo. Karani, kwa huzuni ya kikazi, akamkumbusha kwamba kamati imekwisha kuridhia jeusi na kwamba uamuzi haubadilishwi ila kwa kuitisha kikao kingine.

— Basi kamati inunue lake, akasema Soli. Mimi nanunua langu.

Akamalizia kisigino, muuguzi akavaa kiatu chake, akakanyaga mara mbili, akaenda zake.

Muuzaji wa duka alimfundisha mishiko mitatu ya vidole na namna ya kukaza nyuzi zinapolegea. Yaliyobaki Soli aliyafanyia mazoezi pale kijiweni, kila siku mchana, wateja wakipungua. Wiki ya kwanza mpita njia aliuliza kama kuna paka aliyebanwa mahali. Wiki ya nne hakuna aliyeuliza. Wiki ya saba mama mmoja alileta viatu vizima kabisa, apate sababu ya kukaa, na Breki akaanza kuwaambia wanywaji wageni, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwamba huyo mnayemwona ni mpiga gitaa wetu. Msumeno aliwaambia wateja wake wa milango. Kwa wale wa majeneza aliwaambia jamaa zao, ingawa alichagua wakati.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Mkwe alipiga tarumbeta wimbo mzima bila kupumzika, kama alivyoahidi, na alipiga vizuri. Soli akafuata. Kabla ya kuanza aliwaambia watu kwamba gitaa lake halikuwahi kuwa kwa fundi, kwamba alilinunua wiki kumi zilizopita, na kwamba anajua wimbo mmoja. Mkwe akacheka, kisha akavuta kiti chake karibu asikie vizuri. Watu wa meza ya kijiwe walisimama wote, na wimbo haujafika katikati walikuwa wameshawaambia meza mbili za jirani kwamba gitaa lile walilichagua wao. Si kweli. Soli alikosea mara mbili. Mara ya pili alisimama kabisa, akatafuta mahali pa kidole, akapapata, akaendelea. Wimbo ulichukua kama dakika tatu. Binti yake aliuimba pamoja naye, mdomo ameufumba, kuanzia noti ya kwanza mpaka ulipoisha.