Mwenzetu Kijiko na Kadi ya Miraba Arobaini

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Baba Askofu. Sista Mkuu wa shule yetu. Padre mlezi, walimu, wazazi na walezi:

Sisi wasichana wa Kidato cha Nne tunaohitimu leo tunakukaribisha kwa mikono miwili. Uwanja tumeufagia mara mbili tangu jana, na kwaya imekaukiwa sauti kwa mazoezi, kwa hiyo wimbo ukikwaruza ujue ni mapenzi. Tunaomba radhi mapema. Mwalimu wa Kiswahili aliipitia risala hii mara tatu, lakini karatasi ya pili tumeiandika upya asubuhi hii bwenini na hakuna mkubwa aliyeiona. Hatujui kama huo ni ujasiri au utovu wa adabu. Tuliulizana, kila mmoja akajibu lake.

HISTORIA YETU

Tulifika hapa miaka minne iliyopita na masanduku mapya na machozi. Wiki ya pili kila mmoja alipewa kadi ya huduma, ya kijani, yenye miraba arobaini. Kila Jumamosi tunavuka barabara kwenda nyumba ya wazee, na kwa kila saa ya kazi sista muuguzi anagonga mhuri kwenye mraba mmoja. Kadi ikijaa, umemaliza. Tusikufiche, Baba Askofu, tulikimbizana na mihuri. Wapo kati yetu waliokunja shuka lile lile mara tatu ili saa iishe.

MAFANIKIO

Pamoja na hayo, tumejifunza. Tunajua kumwogesha mtu mzima bila kumwaibisha. Tunajua kumsomea barua mzee asiyeona, na kuirudia anapotaka irudiwe, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita. Mwenzetu aliyekuwa akizimia akiona damu sasa anataka kusomea uuguzi. Wazazi wanasema tumekuwa watu.

JAMBO TULILOKOSA PA KULIWEKA

Hapa ndipo tulipobishana. Nusu ya darasa walisema hili ni mafanikio, nusu wakasema ni changamoto. Tumeliweka katikati.

Tuna mwenzetu tunayemwita Kijiko. Alipata jina hilo kwa sababu ya bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa fundi cherehani, mwenye mdomo mkali, aliyemtemea supu kila aliyemlisha. Alimkubali Kijiko peke yake, tena kwa kutaniana.

"We mtoto, hiyo supu unanilisha au unanipaka?"

"Vyote, bibi. Ukimeza nakulisha, ukitema nakupaka."

Basi bibi alikuwa akicheka na kumeza. Kadi ya Kijiko ilijaa tukiwa Kidato cha Pili. Akaendelea kwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila mhuri wowote. Tulimwona mshamba.

Mwezi uliopita, Jumanne, tukiwa tunajipanga kuingia mtihani wa majaribio wa hesabu, mtunza bustani wa nyumba ya wazee alimwita pembeni. "Bibi yako hali si nzuri. Tangu alfajiri anamuulizia yule mtoto wa kijiko." Kijiko alitazama saa, akatutazama sisi, akapita mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia. Hakuomba ruhusa. Alisema baadaye kwamba aliogopa kunyimwa.

Mwalimu wa nidhamu alihesabu vichwa, akauliza yuko wapi. Tulinyamaza. Akauliza tena. Tumefundishwa hapa kwamba kunyamaza huku unajua ni kusema uongo. Basi mkono mmoja ukainuka ukasema ukweli. Mkono huo ni wangu mimi ninayesoma.

Bibi alifariki saa sita mchana, ameshikwa mkono. Kijiko alirudi akiwa na macho mekundu, akakuta barua. Sheria inajulikana: anayetoka bila ruhusa anarudi nyumbani. Sista Mkuu aliisaini barua hiyo, kisha tulimwona kwenye kikanisa amepiga magoti hadi kengele ya chakula. Hatumlaumu. Hata hatujui tungemlaumu kwa lipi.

Jumapili iliyofuata, Padre alihubiri juu ya mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Akauliza nani kati yetu angefanya hivyo. Hakuna aliyeinua mkono.

CHANGAMOTO

Tangi la maji linavuja na maabara haina viti vya kutosha. Changamoto kubwa ni kwamba tumechanganyikiwa. Tulifundishwa kutii, kusema kweli na kuwahudumia wanyonge. Siku ile moja tu, vitu hivyo vitatu havikukaa chumba kimoja. Mimi nilisema kweli na silali vizuri. Yeye alihudumu na amefukuzwa. Waliotii waliingia kwenye mtihani wakafaulu, nao hawana furaha.

MAOMBI

Tangi linaweza kusubiri. Mtihani wa taifa ni baada ya siku kumi na tisa, na bila barua ya shule Kijiko hataruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Miaka minne yake itaishia hapo. Tunaomba, kwa heshima yote, wewe na Sista Mkuu mzungumze.

Ombi la pili ni dogo. Vyeti vya huduma viko mezani mbele yako. Vilichapwa kabla ya Jumanne ile, na hakuna aliyekumbuka kuvipekua. Cha juu kabisa, cha huduma bora ya miaka minne, kina jina lake. Utakapolisoma, tupige makofi au tukae kimya? Tuelekeze, Baba, maana yeye na mama yake wapo nje ya geti tangu saa mbili asubuhi. Amevaa sare, na kutoka pale vipaza sauti vinasikika.

Mungu akulinde katika safari zako, awape Sista Mkuu na walimu wetu afya na moyo wa amani, na bibi wa kitanda cha dirishani apumzike.

Ni sisi wanao, wahitimu thelathini na watatu wa Kidato cha Nne, humu ukumbini tukiwa thelathini na wawili.