Swali Kabla ya Dawa

Zimeni hiyo draya, wanangu, mfunge na mlango, mje mkae hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki mbali tena na leo sitaki kurudia neno.

Wewe mkubwa, weka simu chini. Niangalie. Kati ya kitanda changu na saluni kuna pazia tu, na mgonjwa hana kazi ila kusikiliza. Jumamosi nilimsikia yule mwalimu akiketi kwenye kiti chako, nikasikia kopo la dawa ya kulainisha nywele likifunguliwa, nikangoja swali. Swali hilo nilikufundisha kabla hujajua kusoma: "Umejikuna leo?" Kichwa kilichokwaruzwa na kucha hakipakwi dawa; mteja anaambiwa arudi kesho kutwa, hata kama ana harusi. Nikangoja. Hukuuliza. Ulikuwa unacheka na shoga yako kwenye simu. Mwalimu akasema, "Dada, inachoma." Ukamjibu, "Vumilia bibie, urembo hauji kwa usingizi!" Akasema tena inachoma. Nikaita, sauti haikufika. Nikagonga chuma cha kitanda kwa kikombe, hukuja.

Hilo ni kosa, na kosa ningekusamehe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi mwenyewe ujanani nilimkata bi harusi sikio kwa mkasi, nikaenda kwao nikapiga magoti. Lakini wewe! Mwalimu aliporudi na kitambaa kichwani, nywele za mbele zimenyofoka, kidonda kinatoa maji, ulisema nini mbele ya wateja? "Dawa alichanganya mdogo wangu." Mdogo wako, ambaye saa ile alikuwa ameenda kuninunulia taulo! Naye kwa kukuheshimu akakubali lawama, na sasa mtaa mzima hakuna anayekubali kushikwa kichwa naye. Umeunguza watu wawili kwa kopo moja.

Na wewe mdogo, futa machozi. Heshima si kubeba uongo wa dada yako. Nimekukasirikia nawe.

Sasa sikieni ninavyogawa. Duka, vioo na viti vyote viwili ni vyenu nyote, msigombane. Lakini chanuo langu la mkia na ufunguo wa kabati la dawa nampa mdogo. Wewe mkubwa hutagusa kopo mpaka umwendee mwalimu, umlete hapa kwa heshima zote, useme mbele ya wateja wale wale: "Ni mimi. Sikuuliza." Kisha umtunze kichwa kila wiki mpaka nywele ziote. Usipofanya hivyo, usimwambie mtu yeyote kwamba ni mimi niliyekufundisha kazi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hicho kikija sitakuwepo kukutetea.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Kumbe hata hasira inataka nguvu.

Mungu awape mikono myepesi na masikio yanayosikia. Mpendane, hata mkiwa mmenuniana. Na msinizike na kichwa kama kiota cha ndege. Mkubwa, muombe mdogo wako chanuo. Ndiyo, muombe. Njoo unisuke mistari, ile midogo... polepole...

Mbona chanuo limeshagusa kichwa? Ngoja. Usianze. Hata kwa chanuo tu, hata kwa mama yako.

Niulize kwanza, mwanangu. Nasikiliza.