Nyumba ya Buhembe Iliyodaiwa na Ukoo

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenifuta machozi! Leo mkiona siketi upesi, nivumilieni. Moyo umejaa.

Mimi ni mjane wa Kishanda, kule Muleba. Mume wangu alipofariki tulikuwa na wasichana wawili tu, na kibanja chetu cha migomba na kahawa kikachukuliwa na shemeji zangu kama ilivyo desturi pasipo mwana wa kiume. Nikabaki kula kwa masimango. Migomba nimepanda mwenyewe, halafu naulizwa nimekata mkungu kwa ruhusa ya nani! Nikafunga mzigo, nikawashika wanangu mkono, tukaja Bukoba.

Nilichuuza ndizi sokoni mpaka nikapata kununua kibanda kilichoinama, mwenye nacho akihamia Uganda. Watu walinicheka. Nikakandika kuta kwa mikono hii, nikaezeka upya, nikapaka chokaa, na karani mmoja wa bomani akakipenda, akakinunua. Waache wacheke! Nikaenda Buhembe, nikanunua nyumba ya vyumba vinne iliyokuwa inavuja kila pembe, nikaiezeka kwa mabati. Chumba kimoja tulilala sisi, vingine nikaanza kupangisha. Mwalimu akaja, fundi cherehani akaja. Kodi ile ndiyo iliyowalisha wanangu na kuwapeleka shule.

Lakini lipo jambo sikulijua. Nilidhani kwa kuwa Buhembe ni karibu na mji, nyumba hununuliwa kama kitenge dukani, wewe na muuzaji basi. Kumbe ilikaa juu ya kibanja cha ukoo wa muuzaji, naye aliniuzia kimyakimya bila kuwaambia ndugu zake! Mabati yalikuwa bado yanang'aa wazee wa ukoo walipokuja kuniambia nitoke, wanirudishie nilichotoa, wachukue mali yao.

Ndugu zangu! Nirudi Kishanda kwa nani? Nililia, nikafunga, nikaomba. Usiku nawatazama wanangu wamelala, najiuliza watalala wapi wakitolewa hapa.

Siku ya baraza la kuamua jambo hilo wazee waliketi uani kwangu, majirani wamejaa. Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Mkubwa wao akawaza, kisha akasema, "Mwanamke huyu hakutuibia. Alinunua kwa mtu wetu. Basi alete pombe ya ndizi tunywe naye, ukoo umjue, akae."

Mnadhani nilifurahi? Hata kidogo! Nyinyi mnajua, nimeokoka, na nimeahidi mbele yenu kwamba sitapika pombe wala kuinunua tena. Shetani akaninong'oneza: mtungi mmoja tu, Mungu atakuelewa! Nikamkataa. Nikasema, "Tata, baba yangu, pombe siwezi. Nimempa Bwana neno langu. Kama ni kunitoa, nitoeni."

Mzee mmoja akachukua fimbo yake aondoke. Ndipo dada yao mkubwa, shangazi wa ukoo, bibi mwenye ulimi mkali, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, weka fimbo! Wewe mwenyewe tumbo lako limekataa pombe, unaficha tu! Mwache mama huyu alete maji ya ndizi matamu, yasiyochachuka. Sisi tulitaka kuheshimiwa, hatukutaka kulewa." Loo! Watu waliangua kicheko, na yule mzee wa fimbo naye akacheka, wote wakakubali!

Wapangaji wangu wakanisaidia kukamua ndizi mbivu. Tukanywa na wazee kwa mrija kutoka kibuyu kimoja, tukatafuna buni za kahawa kama desturi ya kwetu ya kukaribishana, na mkubwa wao akatangaza mbele ya majirani kwamba nyumba ni yangu na ya wanangu. Ya wanangu, ndugu zangu, wasichana! Nilijitupa chini nikaimba. Usiku ule nilifunga mlango wangu kwa ndani, nikalala mpaka jua likaniamsha.

Asante, Bwana Yesu! Asanteni nyinyi mliofunga pamoja nami. Na wewe unayetaka kununua nyumba, nunua, usiogope, ila uwaulize wenye kibanja kwanza!

Sasa nasema na wewe mjane uliyeketi hapa, unayesimangwa kwa kila tonge. Mungu huyu ni wako pia. Mwite, mtumaini. Na wakati unamngoja, njoo Buhembe. Chumba cha nyuma sikipangishi kwa mtu. Ni chako.