Juni ya Mzee Koga

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane katika Bustani ya Kilima cha Hirose hapa Kurume, Mzee Koga Tsuneo anastaafu. Azalea, vichaka vyetu vya maua, zitaanza kuchanua wiki mbili baadaye. Ofisi ina kalenda yake na maua yana yake, na hatujasikia kwamba hivyo viwili vimewahi kukaa kikao kimoja.

Aliajiriwa kubeba maji. Mteremko wa kusini, ule wenye vichaka vya mviringo kama migongo ya kobe, hakukabidhiwa na mtu. Aliyekuwa akiutunza alishikwa na kiuno, akamwomba Koga amshikie makasi kidogo. Mpaka leo anayashika.

Wageni hudhani kazi yetu ni maua. Maua yanajichanulia yenyewe. Kazi inaanza yakishanyauka. Azalea hizi zisizopukutisha majani hutunga matumba ya mwaka ujao katikati ya majira ya joto, kwa hiyo zinapogolewa kabla ya hapo, mwezi wa Juni, mvua ikikumwagikia shingoni. Unapiga magoti mbali kidogo na shina, maana mizizi imelala juu juu na haipendi kukanyagwa. Ukichelewa, unakata majani na maua ya mwakani kwa pamoja. Kichaka hakilalamiki. Kinakungoja.

Tunaukumbuka mwaka ambao mvua iliharibu sherehe ya maua. Bwana Eguchi, mkuu wetu, akaisogeza mbele, kisha mahema yakasahaulika mteremkoni hadi Julai ikaisha. Mzee Koga alijua kitakachotokea, ila alikuwa amechoka kubishana. Alisema tu, "Haya, kama mnavyoona." Makasi yakaingia kilimani Agosti. Mwaka uliofuata watu walikuja kwa mabasi kupiga picha za majani. Bibi mmoja akamwuliza maua yako wapi.

"Tuliyakata mwaka jana, mama," akamjibu, akamwonyesha njia ya kibanda cha chai.

Mwaka wadudu walipofyonza majani hadi kilima kikapauka, aliosha vichaka kimoja kimoja kwa mpira wa maji, akilenga chini ya majani wanakojificha. Aliugua mafua mwezi mzima. Kilima kilipona kabla yake. Na wengi wetu tumejifunza kupogoa kwake. Njia yake ya kufundisha ni kusimama nyuma yako na kushusha pumzi.

Mkewe, Bi. Fumie, ni mzaliwa wa Hakodate, kaskazini, ambako mvua za Juni hazifiki. Kila mwaka walipanga kwenda Juni kumwona dada yake, na kila mwaka azalea zikawatangulia. Siku moja alileta matonge ya wali ambayo mumewe aliyasahau nyumbani, akatuambia, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao, "Juni Baba Nao ana mke mwingine. Mfupi, mnene, na hasemi kitu." Tulicheka. Yeye hakucheka sana. Dada huyo sasa ana miaka themanini na mitano, na msimu huu wa baridi hakutoka kitandani.

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye chai, Bwana Eguchi akamwomba arudi Juni hii kama kibarua. "Mwezi mmoja tu, Mzee Koga. Hawa bado hawajaiva." Sisi ambao hatujaiva tuliitikia kwa vichwa, maana ndio tuliomtuma mkuu aombe. Hatukuwa na wasiwasi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia Mzee Koga akikataa kitu.

Alikaa akiyasugua magoti yake mpaka chai ikapoa.

"Hapana," akasema. "Juni nina safari."

Bwana Eguchi akauliza, kwa sauti ndogo, kilima je.

"Mtakipogoa vibaya. Hata mimi nilikipogoa vibaya, tena miaka mingi. Kikazoea."

Kisha akaomba chai nyingine, ya moto.

Basi Juni tutapanda mteremko wenyewe, na vichaka vingine vitatoka na migongo ya ngamia. Lakini tutapanda Juni, si Agosti, hilo tumeahidiana. Ahsante, Mzee Koga, kwa magoti uliyoyaacha pale kilimani. Wewe na Bi. Fumie, tunawatakia safari ya polepole, dada aliye macho mkifika, na huko Hakodate, Juni kavu kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho.