Jiwe la Eva Halinasi

Asubuhi ile foleni ya malori ilikuwa imefika hadi mbele ya kijiwe cha kahawa, mitaa miwili kutoka mpakani Tunduma. Osward, mnunuzi wa dhahabu, hakuwa amegusa kikombe chake. Walimwita Sumaku, maana hatembei bila kipande cha sumaku cha kuondolea mchanga wa chuma kwenye dhahabu. Binti yake Eva, aliyekuwa akisoma fizikia chuoni, alikuwa amemtumia jiwe jeusi lenye ukubwa wa punje ya mahindi, na ujumbe wa simu: “Baba, nimelikuza mwenyewe kwenye tanuru. Nataka kuendelea miaka mitatu kuchunguza usumaku wake. Chuo kinataka jibu leo. Nangoja baraka yako.” Osward aliligusisha kwenye sumaku kwa mara ya nne. Halikunasa.

— Mtoto kadanganywa. Miaka mitatu ya usumaku, na jiwe lenyewe halinasi!

— Malizia kusoma, Sumaku, alisema Rabson, wakala wa forodha waliyemwita Kliaransi.

Osward akasoma: “Ndani, kila atomu ni sumaku, ila jirani yake kaelekea kinyume, nguvu zinafutana. Na ngazi mbili za nishati za elektroni zinagusana kwenye nukta tu, kama Tunduma na Nakonde ya Zambia pale getini. Hapo elektroni hupita kama hazina uzito.”

— Hazina uzito? Kliaransi aliruka. Basi mizani haizihusu! Hayo ni magendo, mzee. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba gani tena? aliuliza Yesaya, dereva mstaafu waliyemwita Breki.

— Ushuru!

— Wewe hujui kitu. Hizo atomu zimegoma. Huyu anavuta Lusaka, yule Dar, lori linabaki hapahapa. Foleni yote hii unadhani inatoka wapi?

— Kwenye hilo jiwe?

— Tulivunje uone kama geti halijafunguka!

Breki akalinyakua, akaokota tofali. Osward akampokonya kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe.

— Wee! Mwanangu kalikuza hilo.

Kisha akanywea.

— Lakini namwambia arudi nyumbani. Kitu kisichonasa kina faida gani?

Ketrina, muuza chumvi kutoka Ivuna, alikuwa ndiyo kwanza ametua mzigo wake.

— Samahani, baba Eva. Hiyo dhahabu unayonunua, huwa inanasa?

Kliaransi akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Breki akalirudisha tofali chini.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Breki.

Osward alitoa simu, akaandika kwa kidole kimoja: “Endelea, mama.” Akafikiri kidogo, akaongeza: “Likizo uje utueleze tena. Breki hajaelewa.”