Mbegu za Shangazi Yenu

Fungueni pazia, wanangu, fungueni lote, na msiniambie habari ya jua kuniumiza macho, macho yenyewe hayana muda mrefu wa kuumia! Haya, sogeeni. Wewe kifungua mimba wangu vuta hicho kigoda, na wewe kitinda mimba panda hapa miguuni kwangu kama ulivyokuwa ukifanya utotoni, panda tu, sivunjiki. Dada yenu wa katikati msimngoje, nimemtuma, na huko nilikomtuma ndiko roho yangu iliko tangu alfajiri. Sasa tazameni dirishani. Vikopo sita. Vilikuwa saba, kimoja kimetoka. Mnaona yale majani mawilimawili, yamepasuka nchani kama mkia wa mbayuwayu? Lo! Yameota! Yameota, jamani, baada ya miaka kumi na tisa!

Mnatazamana. Najua mnachoambiana kwa macho, kwamba mzee homa imempanda kichwani, tumeitwa kusikia wosia, yeye anatuonyesha magugu. Basi wosia wenyewe ndio huu, na magugu hayo ndiyo mlango wake, kwa hiyo tulieni, wala msinikatize, maana pumzi nilizobakiwa nazo nimezipangia kazi.

Mama yenu alilala chumba hikihiki, kitanda hikihiki, akitazama ukuta uleule unaotutenga na uwanja wa shangazi yenu, dada yangu mkubwa, tumbo moja na mimi. Upande wa shangazi yenu ukuta haukuonekana kwa ule mmea wake wa kutambaa, maua ya buluu mapana kama mdomo wa kikombe, yanafunguka jua likichomoza na ikifika adhuhuri yamejikunja. Upande wetu, tofali tupu. Mama yenu katika ugonjwa wake wote hakuomba kitu ila hicho, kwamba maua yale yawe na upande huu, ayaone akifumbua macho asubuhi. Nikapita kile kijilango cha ukutani, nikamweleza dada. Akanifungia mbegu thelathini kwenye karatasi, nyeusi, ngumu kama kokoto, akanishika mkono akasema, “Ngoja kwanza nikuambie namna ya kuzipanda.” Na mimi, fundi wa funguo niliyejulikana mtaa mzima, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kitu mara mbili kwa sababu hata mara ya kwanza hakukubali, nikamjibu nini? “Dada, mbegu ni mbegu. Kuku naye huzipanda akiparura, na hakuna aliyempeleka shule.” Nikacheka peke yangu, nikaondoka. Sikio la kufa halisikii dawa, wanangu, na langu lilikuwa limekufa kitambo.

Nikapanda ishirini chini ya dirisha hili, nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza nikamwambia mama yenu zinakuja. Wiki ya pili nikamwambia zinakuja. Mwezi wa pili akaacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikonichoma. Alikufa uso wake umeelekea tofali.

Mliyaona yaliyofuata, mlikuwa wakubwa. Msibani, mbele ya majirani, nikamsimamia dada yangu kichwani, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, nikamwambia, “Ulizichemsha! Umenipa mbegu mfu ili maua yawe yako peke yako! Umemnyima mgonjwa ua!” Wewe kifungua mimba ulinivuta shati mpaka kifungo kikakatika, sikukoma. Shangazi yenu alishika viatu vyake mkononi, akapita kijilango kile pekupeku. Nami nikaenda karakana, nikatengeneza kufuli kwa mikono yangu, nikalitia kijilangoni, ufunguo mmoja tu duniani, na huo mmoja nikaulalia chini ya mto. Mwaka wa kwanza aligonga. Nikaongeza sauti ya redio. Na kila tawi la mmea wake lililochungulia upande wetu juu ya ukuta nililikata kwa mkasi wa bati, nikalitupia kwake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi halafu nikaendelea kukimbia.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa sikilizeni ajabu. Siku kumi na mbili zilizopita niliomba niletewe lile kopo la springi na vipuri, si kwa kazi, ila mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukaa bure. Chini kabisa nikakuta ile karatasi, na mbegu kumi zilizobaki. Nikataka kuzitupa. Lakini mkono wa fundi haujui kustaafu: kumbe nimeshika tupa yangu ndogo, nimebana mbegu moja kwa vidole, naisugua ubavuni kama ninavyosugua ufunguo uliotoka mashineni. Weusi ukatoka, chini yake pakaonekana peupe. Kikohozi kikanishika, mbegu ikanidondoka ndani ya glasi ya maji, nikaisahau. Kesho yake asubuhi nainua glasi nimeze kidonge, Mungu wangu, nilibakiza unywele mmoja niimeze! Imevimba maradufu! Siku ya pili ikatoa mkia mweupe. Nikapiga yowe, na ndiyo siku ile kitinda mimba ulikuja mbio na upawa mkononi ukidhani nakata roho, nikakuambia nimeota ndoto. Nilikuficha. Niliona haya kusema kabla sijawa na hakika. Nikazisugua na zile tisa, nikaziloweka, nikazipanda zote kumi mwenyewe nikiwa nimeegemea dirisha. Tatu zimekataa. Saba zimeota.

Zilikuwa hai! Miaka yote hiyo, kwenye giza la kopo, zilikuwa hai! Gamba lake ni gumu, maji hayapenyi, mpaka uikwaruze kwanza na kuiloweka, ndipo uizike. Hilo ndilo neno alilotaka kuniambia dada yangu pale kijilangoni, neno dogo ambalo lisingechukua hata muda wa kufunga kamba za viatu, nami sikuwa na nafasi nalo. Mimi! Miaka hamsini nimeshika tupa, nimefungulia watu milango, masanduku, hata mlango wa bwana harusi aliyejifungia chooni siku ya harusi yake, nikashindwa na mbegu, kisha nikamtukana aliyenipa!

Msinifute machozi, haya si ya huzuni tu. Ni kweli majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja nikiwa kitandani. Na kwa mama yenu sina la kujitetea, nitamwambia mwenyewe nikimkuta. Lakini haki ya Mungu nina furaha, wanangu, furaha inanirusha moyo kuliko ugonjwa! Miaka kumi na tisa nimeishi nikiamini nina dada mwenye roho mbaya. Sina! Sijawahi kuwa naye hata siku moja! Nimerudishiwa dada yangu mzima, na aliyekuwa amemwiba ni mimi mwenyewe.

Ndiyo maana alfajiri hii nimempa dada yenu ule ufunguo na kikopo kimoja, kile chenye mche mrefu kuliko yote. Nimemwambia, zunguka barabarani, na akikubali kuja mfungulie kijilango apite hapo; umwambie shangazi yako hivi: mdogo wako amekosa, mbegu zako zilikuwa hai. Basi. Sikupamba maneno. Shangazi yenu ana miaka themanini na miwili, magoti yake yamechoka, na ana haki ya kunifungia mlango yeye safari hii. Akija, nitakwenda mwepesi. Asipokuja, nisikilizeni vizuri, asipokuja msimnunie, wala mtu asije akamwambia baba alikufa akikungoja. Mbebeeni maji, mfanyieni kazi zake, na muwe watoto wake kuanzia leo.

Sasa ya nyumba, haraka, kifua kinabana. Nyumba ni yenu nyote watatu, msiigawe kwa ukuta, hata wa pazia. Karakana na mashine ya kuchonga funguo ni yako, kifungua mimba, umeisotea. Lakini mteja akianza kukueleza kufuli lake, mwache amalize, hata kama kasoro umeiona tangu akiwa barabarani. Usicheke, nakuona, na hicho kiburi umekitoa kwangu, si kwa mama yako. Tupa ndogo mpeni dada yenu wa katikati, ana mikono mitulivu. Kitinda mimba, wewe ni wa vikopo hivi. Ihamishie miche chini ya dirisha, pale nilipozika zile ishirini, uiache ipande ukuta na ivuke itakako, na mtu yeyote asiikate, mkasi wa bati tupeni. Kuhusu kamba na mbolea na umbali wa mche na mche, usiniulize, sijui. Kamuulize shangazi yako, na ukimuuliza usijifanye unajua nusu.

Kijilango king'oeni bawaba. Asifungiwe mtu tena pale. Na mbegu zikikomaa, wapeni wote watakaoomba, majirani, wapita njia, hata yule fundi wa mtaa wa pili anayesema funguo zangu hukwama. Ila msimpe mtu mbegu kabla hajasimama akasikiliza namna ya kuzipanda.

Inamisheni vichwa. Mikono yangu haifiki mbali siku hizi. Mungu awakuze. Awape vinywa vizito na masikio mepesi. Alipo mmoja wenu, wawili wafike bila kuitwa. Mkosane, ndiyo, ni ndugu, mtakosana, lakini jua lisiwakute… lisiwakute mna ufunguo chini ya mto.

Niinueni kidogo. Mto. Hapo.

Nyamazeni.

Mnasikia? Hicho chuma. Ni kufuli langu hilo… nalijua mlio. Limeshika kutu. Mwambieni asilazimishe… mafuta, tone moja, halafu arudishe ufunguo nyuma kidogo… Ndiyo. Limeachia! Limeachia, wanangu!

Hatua za nani hizo? Za dada yenu nazijua, huyo hukimbia. Hizo nyingine… na fimbo… Mnaisikia fimbo? Mpisheni njia. Kigoda, mpe kigoda, wewe, simama! Leteni karibu. Karibu zaidi, sauti yangu… haifiki.

Dada.

Umekuja na kikopo changu. Dada, mimi… Mbegu zako… Nini? Sema tena, dada, masikio… Nimezizika chini mno? Miche mirefu, myembamba hivi, kwa sababu nimezizika chini? Na kikopo kidogo… mizizi yake haipendi kusumbuliwa… Ha! Ha! Mmemsikia? Hajanisalimia bado… anaendelea palepale alipoachia.

Nishike mkono, dada. Kama siku ile. Wanangu, nyamazeni wote… dada yangu ananiambia namna ya kuzipanda.

Sema, dada. Taratibu… mpaka mwisho.

Nasikiliza.